Mzee Msabaha Amekuja Kuona Nyumba Yake

Mtu tuliyemwacha mlangoni Jumamosi iliyopita bado amesimama pale pale, na bado anasema lile lile.

"Mimi ndiye Msabaha. Nimekuja kuona nyumba yangu."

Linus alikishika kitasa kama dereva anayeshikilia usukani wa gari lililokatika breki. Nyuma yake, mkewe Makena, sare yake ya uuguzi ikiwa imefungwa vifungo nusu, alijikuta amekaa kitako kwenye ngazi bila kukusudia.

Mwenye nyumba aitwaye Msabaha hayupo. Wao wawili walilijua hilo kuliko mtu yeyote katika London nzima, kwa sababu Msabaha walimzaa wao.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, mambo ni haya. Nyumba hii ya Woolwich, yenye ghorofa moja juu na kiuga cha kuanikia nguo nyuma, ni ya Makena. Ameinunua kwa jasho la shifti za miaka sita. Linus naye anafanya kazi katika ofisi ndogo inayowatetea wapangaji kutoka Afrika Mashariki. Ukifukuzwa, ukinyimwa moto, masanduku yako yakitupwa nje, unamwendea Linus. Ukutani kwake kuna picha ya ngumi iliyokunjwa. "Mwenye nyumba ni kupe," huwaambia watu. "Tofauti ni kwamba kupe akishiba, huachia."

Sasa mtu kama huyo atakuwaje na nyumba ya kupangisha?

Mpangaji wa kwanza kuja kutazama chumba alikuwa Elkana, Mkisii anayetunza wazee majumbani. Linus aliwahi kumtetea ofisini. Elkana alipomwona tu alipiga kelele ya furaha: "Ndugu Linus! Kumbe na wewe unapanga hapa?"

Linus angeweza kusema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake akasema, "Ndiyo, na mimi napanga. Mwenye nyumba ni mzee mmoja wa Malindi. Anaitwa Msabaha."

Jina lile alilitoa wapi, hajui mpaka leo.

Kuanzia hapo kila ubaya ukawa wa Msabaha. Nani alikataza wageni kukaa zaidi ya saa mbili? Msabaha. Nani aliamuru mashine ya kufulia iwashwe Jumamosi tu? Msabaha. Makena mwanzoni alinuna kuitwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, lakini taratibu aliuona utamu wake. Unakataa, na anayechukiwa ni mwingine.

Boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, ilipoharibika katikati ya Januari, Makena alitaka kumwita fundi siku ile ile. Linus akamzuia.

"Mwenye nyumba mbaya hatengenezi boila siku ya kwanza, mpenzi. Watashuku."

Siku tisa zikapita. Elkana akamwomba Linus, kama mtaalamu, amwandikie Msabaha barua. Linus akaiandika, kali, yenye vifungu vya sheria. Na kwa kuwa barua haina budi kujibiwa, akaandika na jibu. Jibu la Msabaha lilikuwa kali kuliko barua. Elkana alipolisoma alitetemeka kwa hasira, na Linus akatetemeka pamoja naye.

Huyo ndiye Msabaha. Na sasa amesimama mlangoni na kofia yake ya viua, koti refu, na mkoba wa magurudumu.

"Mzee," Linus alianza, "nadhani umekosea ny—"

"AMEKUJA!"

Ilikuwa sauti ya Elkana kutoka juu. Akashuka ngazi tatu tatu, akamruka Makena pale alipokaa, akasimama mbele ya mgeni huku akihema.

"Anti Kalpana! Toka nje! Amekuja mwenyewe!"

Mlango wa chumba cha nyuma cha juu ukafunguka. Akatokea Kalpana, mpangaji wa pili, mjane wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Kisumu, amevaa sweta mbili, shali, na blanketi juu ya vyote. Alishuka polepole, akiegemea ukuta kwa sababu ya magoti. Alipofika chini akakohoa kwa muda mrefu, kisha akamwangalia mgeni kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu ndani," alisema kwa Kiswahili chake safi cha Kisumu. "Ingawa huku ndani na huko nje ni sawa tu."

Pumzi yake ilitoka kinywani kama moshi. Mle mle ndani ya nyumba.

Mzee alikuwa amefungua mdomo kusema jambo. Aliutazama moshi ule, akafumba mdomo.

"Jikoni ni wapi?" aliuliza. "Nataka kuzungumza na hawa vijana wawili kwanza."

Mlango wa jikoni ulipofungwa, mzee aliketi, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Haya. Nani kati yenu aliyenizaa?"

Makena alimtazama Linus. Linus alitazama sakafu.

"Mimi naitwa Msabaha kweli. Natoka Malindi kweli. Nimekuwa mpishi maisha yangu yote, huko kwetu na hapa Tooting, na sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu. Sina nyumba. Sina hata banda la kuku. Lakini wiki nzima sasa natukanwa."

"Nani anakutukana, mzee?" Makena aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uliza nani hanitukani! Huyo kijana wenu wa ngazini ametangaza katika kundi la WhatsApp la Waswahili wa hapa: nani anamjua Msabaha wa Malindi mwenye nyumba Woolwich? Mtu akatoa picha yangu. Picha ya Idi, nimevaa kanzu, nacheka. Chini yake wameandika: 'Anacheka huku wenzake wanaganda.'"

Linus aliweka mkono usoni.

"Ijumaa iliyopita imamu katoa hotuba juu ya wanaowanyima wapangaji wao moto. Hakutaja jina. Msikiti mzima ukageuka kunitazama mimi! Nilikuwa safu ya pili. Binti yangu ananiuliza, 'Baba, una nyumba Woolwich na mimi nakulaza sebuleni?' Nikampigia huyo Elkana kumwambia si mimi. Hakuniacha niseme. Alinipa anwani, akasema kama mimi ni mwanamume nije."

"Tusamehe, mzee wetu," Makena alisema. Machozi yalikuwa karibu. "Tutakulipia nauli, tutakuomba radhi kwa maandishi—"

"Nani atayasoma? Jina mmelichafua mbele za watu, litafuliwa mbele za watu." Akaivaa tena kofia. "Mnasema mimi ndiye mwenye nyumba. Vyema. Nitakuwa mwenye nyumba. Mpaka kesho jioni. Nikitoka hapa nataka hao wapangaji waniage kwa machozi. Mkinipinga neno moja, nawaambia kweli yote."

"Na tukikubali?" aliuliza Linus.

"Mtatii," alisema Msabaha. "Kama wapangaji."

Kikao kilifanyika sebuleni. Elkana alikuwa na karatasi ya malalamiko, kurasa mbili, ambayo Linus mwenyewe alikuwa amemsaidia kuipanga.

"La kwanza, mzee. Boila."

"Linus, mwanangu, mwite fundi. Leo."

"Leo Jumamosi, mzee. Fundi wa Jumamosi ni ghali sana."

"Kwani analipa nani? Si mwenye nyumba?" Msabaha alimtazama kwa upole. "Au wewe wasemaje?"

"Sisemi kitu."

"La pili," Elkana akaendelea. "Sheria ya wageni. Dada yangu alitoka Leicester kuniona, ikabidi saa mbili zikitimia tukakae kituo cha basi, mvua ikinyesha."

Msabaha akamgeukia Makena. "Niliweka sheria hiyo mimi?"

"Uliiweka," Makena alijibu, macho sakafuni.

"Basi nilikuwa mgonjwa. Nimeifuta."

Elkana alimtazama mzee kwa mshangao. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na adui anampa ngome moja baada ya nyingine. Mashine ya kufulia ikafunguliwa siku zote. Kufuli iliyowekwa kwenye kabati la swichi ya hita ikaondolewa. Kila kitu kilichotolewa kilikuwa cha Makena, na kila shukrani ilikwenda kwa Msabaha.

"La mwisho," Elkana alisema, na hapa akasitasita. "Hili silipendi, maana hawa ni ndugu zangu. Lakini Linus na Makena wana chumba cha mbele hapa chini. Kikubwa, madirisha mawili. Anti Kalpana na magoti yake anapanda mpaka kile chumba cha nyuma. Linus mwenyewe ndiye aliyenifundisha: mpangaji asipendelewe juu ya mwenzake."

"Nilikufundisha hivyo?" Linus aliuliza.

"Kuna kijitabu chenu ofisini. Ukurasa wa tatu."

Msabaha hakufikiri hata sekunde. "Kweli kabisa. Mama atashuka chini. Vijana watapanda juu. Leo leo. Wanaoafiki wanyooshe mikono."

"Hatuhami!" Makena alisimama. "Nyumba hii ni ya—"

Linus alimkanyaga kidole.

"—ni ya kupanga kama nyingine," Makena alimalizia, akaketi.

Ndugu msomaji, umewahi kumwona mwenye nyumba akihamishwa kwenye nyumba yake kwa kura ya wapangaji, naye akiunga mkono? Linus alinyoosha mkono wake juu. Makena aliunyoosha baada ya kukanyagwa mara ya pili.

Kitanda chao kilikataa kupita kwenye kona ya ngazi. Linus alikisukuma kwa chini, Elkana akikivuta kwa juu, wakakwama katikati, jasho likiwatoka katika nyumba yenye baridi ya friji.

"Usivunjike moyo, ndugu yangu," Elkana alimwambia kwa huruma kutoka upande wa pili wa godoro. "Siku moja na wewe utakuwa na nyumba yako."

Linus aliguna. Godoro lilikuwa limemziba mdomo.

"Ila ukiipata," Elkana aliongeza, "usitusahau sisi."

Huku juu, Makena alikuwa akimsaidia Kalpana kufunga vitu vyake. Alikuwa na hasira. Alitupa vitabu kwenye boksi, akakunja mashuka kama anayewakunja watu. Mwisho likabaki kabati la nguo. Akalishika, akalivuta.

Akasimama.

Ukuta wote nyuma ya kabati ulikuwa mweusi. Kuvu ilikuwa imeanza chini karibu na sakafu, ikapanda, ikatandaa mpaka karibu na kichwa cha kitanda. Karatasi ya ukutani ilikuwa imelegea, na alipoigusa kwa kidole ilichanika ikiwa mbichi.

"Anti." Sauti yake ilibadilika. "Hii imeanza lini?"

"Mwezi wa kumi na moja hivi. Nikasogeza kabati kuifunika. Haipendezi kutazama."

"Kwa nini hukusema?"

Kalpana alikuwa akizungushia picha ya marehemu mumewe kitambaa. "Nimwambie nani, beta, mwanangu? Mwenye nyumba yuko mbali, na barua zake tumeziona. Nikuambie wewe? Unatoka hospitalini miguu imevimba. Nikuongezee na ukuta?"

Tangu Novemba, kila jioni aliyokuwa nyumbani, Makena alikuwa akija na kipimo chake kumsikiliza mama huyu kifua. Alimletea tangawizi. Alimletea asali. Alimwambia kikohozi kile ni hali ya hewa ya nchi hii, kitapita majira yakibadilika. Muuguzi wa miaka minane. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeegemea ukuta wake mwenyewe, hatua mbili kutoka aliposimama.

Aliketi kwenye kitanda kilichotandikwa nusu, akalia. Kalpana akaketi kando yake na kumfunika upande mmoja wa blanketi.

Hakumuuliza analia nini. Hilo Makena alikuja kulifikiria baadaye.

Saa tisa alasiri fundi alifika. Saa kumi na nusu boila ilinguruma, mabomba yakagonga ukutani, na nyumba ikaanza kupata joto chumba baada ya chumba. Kalpana alivua blanketi. Kisha shali. Kisha sweta moja. Alisimama katikati ya chumba chake kipya chenye madirisha mawili, akacheka peke yake.

Elkana alimpiga Msabaha picha karibu na hita na kuituma kule kule kwenye kundi. "Ndugu zangu, tumemkosea huyu mzee. Amekuja mwenyewe, ametengeneza kila kitu. Wenye nyumba wote wangekuwa hivi!"

Simu ya Msabaha ikaanza kulia mfululizo. Radhi kutoka Tooting, radhi kutoka Rayners Lane. Imamu mwenyewe aliandika. Mzee alizisoma zote kwa sauti, moja moja, huku akimtazama Linus juu ya miwani. Kisha akampigia binti yake kumwambia kwamba angelala huko huko. Kesho angewapikia wapangaji wake.

Juu, katika chumba ambamo kitanda kiligusa kuta tatu, Makena alimgeukia mumewe.

"Kesho mezani nawaambia."

"Makena, usiwe na haraka. Mzee amesharudisha jina lake. Kesho jioni anaondoka, tunasema amerudi Malindi, tunaendelea taratibu. Tutatengeneza na ukuta. Tutakuwa wenye nyumba wazuri, kwa siri."

"Mimi nimeuona ukuta, Linus."

"Nikijulikana, kazi imekwisha. Unajua ni watu wangapi wananitegemea pale ofisini?"

"Najua wawili waliokutegemea hapa."

Jumapili Msabaha aliamkia sokoni Woolwich, akarudi na nyama, vitunguu na mikono iliyoganda. Watu walipotoka kanisani, harufu ya bizari ilikuwa imefika barabarani. Pilau la nyama lilikuwa kwenye sufuria moja. La njegere, kwa ajili ya Kalpana asiyekula nyama, kwenye sufuria nyingine ambayo haikuwahi kuguswa na nyama, maana mzee aliinunua asubuhi ile ile.

Walikaa wote watano. Walikula kwa mikono. Elkana akasimama.

"Kabla sijashiba nikasahau. Mzee, nilikuwa nakuchukia. Nilikuombea mabaya, Mungu anisamehe. Leo nataka kusema mbele ya wote kwamba mwenye nyumba kama wewe—"

"Nyumba ni yangu," alisema Makena.

Elkana alitabasamu. "Sote tunajisikia hivyo leo, dada."

"Elkana. Nyumba ni yangu. Niliinunua mimi. Mzee Msabaha hana nyumba hapa wala popote. Tulimtunga, ikatokea mtu ana jina hilo. Yeye amekuja kujisafisha, na amewatendea yale ambayo sisi tulipaswa kuwatendea. Boila ni sisi. Sheria za wageni ni mimi. Ule ukuta, Anti, ni mimi."

Elkana alicheka. Alitazama meza akingoja wengine wacheke. Msabaha alikuwa anachambua mfupa. Linus alikuwa ameinamia sahani yake.

"Anti Kalpana," Elkana alisema, "mwambie huyu mtoto akapumzike. Shifti zimemzidi."

"Anasema kweli," Kalpana alijibu, akijiongezea kachumbari. "Mimi nimejua tangu wiki ya kwanza."

Makena aligeuka. "Ulijua?"

"Mpangaji gani akienda kazini anafuta vumbi la ngazi kwa kitambaa chake cha mkononi? Marehemu mume wangu alikuwa na nyumba tatu Kisumu. Wapangaji wakilalamika, alisema ni za kaka yake wa Jinja. Hakuwa na kaka. Siku alipofariki, watu walikuja wakimtafuta kaka yake wampe pole."

"Sasa kwa nini ulinyamaza, Anti? Na kikohozi kile!"

"Nilitaka kuona nani kati yenu wawili atachoka na uongo kwanza." Akamgusa Makena mkono. "Umechelewa kidogo, beta. Lakini umechoka."

Elkana hakucheka tena. Alikuwa anamtazama Linus tu.

"Siku ile nilipokuja ofisini kwako," alisema polepole, "nilikuwa na masanduku mawili yanatiririka maji. Ulinipa chai. Ulinipa taulo yako mwenyewe. Nikampigia mama yangu Kisii, nikamwambia, hapa London nimepata mtu."

"Elkana, ndugu yangu—"

"Ule mstari katika jibu la barua. 'Mpangaji anayelalamika baridi na avae soksi.' Nani aliuandika?"

Linus aliisogeza sahani yake kando.

"Nani aliandika soksi, Linus?"

"Mimi."

Elkana aliosha mikono kwenye bakuli, akaifuta vizuri, akapanda juu. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Msabaha alimwekea Linus kipande kingine cha nyama. Linus aliona afadhali angepigwa kofi.

Wakaendelea kula. Kutoka darini walisikia sauti ya Elkana, ya chini, ya mtu anayezungumza na simu. Mara inapanda, mara inakatika. Makena alitaka kumfuata. Kalpana akamzuia kwa macho. Robo saa ikapita.

Kisha simu ya Linus, pale mezani kando ya sufuria, ikawaka. Jina lilikuwa Tatiana, mkuu wake mpya wa kazi, mwanamke wa Nakuru aliyeanza mwezi uliopita na ambaye hakuwa amekutana na mtu yeyote wa nyumbani kwa Linus. Vidole vya Linus vilijaa mafuta. Akaibonyeza kwa kifundo, na sauti ikatoka kwa kila mtu.

"Linus, pole kukusumbua Jumapili. Niko zamu ya simu ya dharura. Nimepata kesi sasa hivi, huko huko kwenu Woolwich, na nataka uishike wewe. Mwenye nyumba amejificha nyuma ya jina la uongo! Zaidi ya wiki mbili bila moto, kuna mama mzee mgonjwa. Mpangaji mwenyewe analia, sikumwelewa vizuri, anadai kuna mtu wa ofisi yetu amehusika. Hilo tutalifikia. Nimetazama kwenye daftari la ardhi, nyumba ina jina moja tu. Makena Kirimi. Kesi kama hii tunaipeleka magazetini, Linus. Huyo mwanamke unamjua?"

Sebuleni hakuna aliyetafuna.

Linus alimtazama mkewe. Makena alimtazama yeye, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja siku ile kanisani Meru mchungaji alipomuuliza Linus kama anamkubali.

"Hapana," alisema Linus. "Simjui."

Kalpana alifumba macho. Msabaha alisema neno moja la Kigiriama ambalo gazeti hili halichapishi.

Linus mwenyewe alionekana kushtuka, kama mtu aliyesikia sauti ya mwingine ikitoka kooni mwake. Akainua mkono wenye mafuta. "Makena, subiri, sikukusudia—"

Makena alifuta vidole kimoja kimoja. Kisha akaichukua simu.

"Dada Tatiana, habari ya Jumapili. Mimi ndiye Makena Kirimi, mwenye nyumba. Yote aliyokwambia Elkana ni kweli, yaandike. Moto uliwashwa jana, na ukuta unaanza kutengenezwa kesho asubuhi. Uje ukague mwenyewe, nitakupokea."

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani. Kisha: "Samahani... mbona uko na simu ya Linus?"

"Linus alikuwa mpangaji wangu."

"Alikuwa?"

"Ndiyo," alisema Makena, akimtazama mumewe machoni. "Nimempa notisi sasa hivi."